Kufungua Kitabu Palipotokea: Habari za Fali ya Ujiji, Mwaka 1871

Katika kila nchi iliyofikiwa na vitabu imeonekana desturi hii: mtu hunyosha mkono akatwaa kitabu kilicho karibu naye, chochote kiwacho, akakifungua pasipo kuchagua, akasoma mstari wa kwanza ulioangukiwa na macho yake, kisha akawasomea wenziwe. Wako wafanyao hivyo kwa mchezo na kucheka. Wako wafanyao kwa kutafuta faraja. Na wako wafanyao kwa kutaka kuambiwa neno la kutenda. Kwa nje mambo haya matatu ni jambo moja, maana mkono ni ule ule na kitabu ni kile kile. Kwa ndani yametengana sana, kama vile kisu cha kumenyea muhogo na kisu cha kuulia.

Waalimu na wachungaji wa vijiji vya ufuo wa Tanganyika, tangu Ujiji na Kigoma hata Kagunga penye mpaka wa Burundi, huulizwa habari ya desturi hii na wanafunzi, na na watu wazima pia. Je, ni halali? Je, ni ushirikina? Au ni mchezo mtupu? Tumeona vema kuitafuta asili yake kabla ya kujibu. Na katika kutafuta tumekuta ya kuwa moja ya habari zake zilizo kubwa haikutokea mbali. Ilitokea Ujiji, mwaka 1871, na ilihusu uhai wa mtu na mali yake.

Kwanza na tuyatazame maneno, kwa maana maneno ya lugha huhifadhi historia kama mtungi uhifadhivyo maji. Kitabu kwa Kiswahili cha kale kiliitwa chuo. Kwa sababu hiyo mahali pa kusomea paliitwa chuoni, na mtu aliyezama katika elimu aliitwa mwanachuoni. Maana ya siku hizi, yaani shule kubwa, imezaliwa baadaye. Kupiga ramli ni kuagua kwa alama za mchangani, maana ramli kwa Kiarabu ni mchanga; na kupiga bao ni kazi iyo hiyo, mchanga ukitandazwa juu ya ubao. Fali ni dalili ya jambo lijalo, nalo pia ni neno la Kiarabu. Kutazamia ni kutazama kwa ajili ya mtu mwingine, yaani kumwangalizia mambo yake yaliyofichika. Kupiga kura, neno ambalo leo twalitumia kwa kuchagua wabunge, asili yake ni kutupa vijiti au vipande ili bahati iamue. Nao ndugu zetu wa Burundi husema kuragura, neno lililo ndugu wa kuagua kwetu. Basi twaona ya kuwa kuagua kulikuwako kabla ya vitabu kufika bara. Kitabu kilipokuja hakikukuta nafasi tupu. Kilikuta mchanga na ubao vikifanya kazi, nacho kikaingizwa katika kazi ile ile.

Lakini mtu asidhani ya kuwa mambo haya ni ya Afrika tu. Warumi wa kale walikuwa wakifungua mashairi ya Virgil ili wajue mambo yajayo, na Wayunani wakafanya vivyo kwa Homer. Waajemi hata leo hufungua diwani ya Hafiz, mshairi aliyefariki yapata mwaka 1390, na hasa katika usiku ule mrefu kuliko zote za mwaka, jamaa wote wakiwa wamekusanyika, kila mmoja akapata shairi lake. Na Wakristo nao, walipokwisha kuacha Virgil, wengi wao hawakuiacha desturi. Walibadili kitabu tu.

Sulpicius Severus, mwandishi wa maisha ya Mtakatifu Martino, atusimulia habari ya uchaguzi wa askofu wa Tours katika Ufaransa, yapata mwaka 371. Watu walimtaka Martino. Maaskofu kadha wa kadha walimkataa kwa kuwa nguo zake zilikuwa duni na nywele zake hazikutengenezwa. Mkuu wa wapinzani hao aliitwa Defensor. Siku ile msomaji aliyewekwa kusoma kanisani alizuiliwa na wingi wa watu asiweze kufika, na watumishi wakafadhaika. Mmoja wa waliosimama pale akakitwaa kitabu cha Zaburi akasoma mstari wa kwanza aliouona. Ukawa ni mstari wa Zaburi ya nane, na ndani yake limo neno la Kilatini *defensor*, yaani mteteaji, pamoja na neno la kuangamizwa. Mara watu wakapiga kelele, wakisema Mungu amenena, na yule mpinzani akashindwa.

Waalimu wa lugha na waitafakari sana habari hii. Neno lile lilikuwamo katika tafsiri ya Kilatini iliyosomwa siku zile huko. Tafsiri iliyotengenezwa na Mtakatifu Yeronimo, iliyoenea baadaye, haina neno hilo mahali pale. Ina neno la mwenye kulipiza kisasi, na tafsiri zetu za Kiswahili zafuata maana hiyo. Basi kama msomaji yule angalikuwa ameshika tafsiri ya Yeronimo, Zaburi ingalikuwa ile ile, mstari ule ule, na Defensor asingalisikia jina lake. Hatusemi ya kuwa Martino hakustahili uaskofu; matendo yake yalimshuhudia. Twasema tu ya kuwa ushahidi wa matendo yake ulikuwa imara, na ushahidi wa mstari ule ulining'inia juu ya neno moja la mfasiri mmoja.

Miaka michache baadaye, mwaka 386, Augustino alikuwa bustanini Milano, moyo wake ukiwa umepasuka vipande viwili. Akasikia sauti ya mtoto ikimwambia atwae, asome. Akarudi mahali alipokiacha kitabu cha Mtume Paulo, akakifungua, akasoma kimya sehemu ya kwanza aliyoiona katika sura ya kumi na tatu ya Waraka kwa Warumi. Habari hii yajulikana na wengi. Lakini wengi huiacha sehemu yake ya pili. Augustino alitia kidole mahali pale, akamweleza rafiki yake Alypius yaliyompata. Alypius akaomba aone. Akaonyeshwa; naye hakukoma pale rafikiye alipokoma, bali aliendelea mbele kusoma maneno yafuatayo, na katika maneno hayo yafuatayo akalipata lililomfaa yeye.

Tena Augustino huyu huyu, ambaye angaliweza kuwa wakili mkubwa wa desturi hii, hakuisifu. Asimulia katika kitabu chake cha Maungamo ya kuwa katika ujana wake tabibu mmoja mzee, Vindicianus, alimwonya juu ya unajimu, akamweleza ya kuwa hata mtu afunguaye mashairi ovyo aweza kuupata mstari unaolingana na jambo lake, ingawa mshairi alikuwa akiwaza mambo mengine kabisa. Na yapata mwaka 400, akimjibu Januarius kwa barua, alisema ya kuwa kupiga kura kwa kurasa za Injili ni afadhali kuliko kuwaendea pepo kwa mashauri, lakini hata hivyo hakupendezwa kuona maneno ya Mungu yakigeuzwa kuwa ya kuamulia shughuli za dunia. Mitaguso ya maaskofu ilifuata ikakaza zaidi: ule wa Agde mwaka 506 na ule wa Orleans mwaka 511 ilikataza kuagua kwa maandiko. Marufuku iliyorudiwa baada ya miaka mitano yatufundisha ya kuwa jambo lenyewe halikukoma.

Wala halikukoma. Mwaka 1208 Fransisko wa Assisi na Bernardo mwenzake walikifungua kitabu cha Misa mara tatu katika kanisa la Mtakatifu Nikola, wapate kujua maisha yao yawe ya namna gani. Mwaka 1728 Zinzendorf, mkuu wa ndugu Wamoravia wa Herrnhut katika Ujerumani, alianza kuwapa watu wake neno moja la Maandiko kwa kila siku. Tangu mwaka 1731 maneno hayo hupigwa chapa katika kitabu cha mwaka mzima, na mistari yake ya Agano la Kale huchaguliwa kwa kura. Wamoravia waliingia kusini mwa Tanganyika mwaka 1891, wakafika Unyamwezi mwishoni mwa karne ile. Lakini angalieni tofauti: neno la siku la Wamoravia hutolewa miaka mbele, kwa watu wote pamoja, wala halijui swali la mtu ye yote. Haliulizwi kama ng'ombe aliyeibiwa yuko kwa fulani. Hutolewa ili litafakariwe, na si ili liamue.

Sasa tufike Ujiji. David Livingstone aliwasili huko mara ya kwanza Machi 1869, akavuka ziwa mwaka uo huo kwenda Manyema. Akakaa huko zaidi ya alivyokusudia, kwa ugonjwa, kwa ukosefu wa wapagazi na kwa vita vya wafanyao biashara ya watumwa. Wakati alipokuwa hayuko, shehena iliyotumwa toka Unguja kwa ajili yake ilikuwa mikononi mwa mtu amwitaye Sherif katika daftari zake. Oktoba 1871 Livingstone alirudi Ujiji, amekonda, miguu ina vidonda, akitumaini kuikuta mali yake. Hakuikuta. Katika nguo yadi 3,000 haukubaki hata upande mmoja, na katika ushanga ratili 700 haukubaki hata uzi mmoja. Sherif alikuwa ameuza vyote.

Naye alikuwa na hoja. Livingstone aliandika ya kuwa Sherif alitazamia kwa Qurani, akaona ya kuwa mzungu amekwisha kufa. Tena alimwandikia liwali wa Unyanyembe kwamba ametuma watumwa Manyema kumtafuta, nao wamerudi na habari za kifo chake; kwa hiyo akaomba ruhusa ya kuuza vilivyosalia. Ndipo marehemu alipoingia mjini kwa miguu yake mwenyewe.

Hatutaki msomaji aichukue habari hii kuwa fimbo ya kuwapigia Waislamu. Wako wanavyuoni wa Kiislamu waliokataza kabisa kupiga fali kwa Qurani; na sala ya istihara ni kumwomba Mungu amwongoze mja katika jambo, wala si kumfanya Mungu awe shahidi wa wizi. Katika mji ule ule wa Ujiji, wakati ule ule, Said bin Majid, Mwarabu na Mwislamu, alimwendea Livingstone, akamwambia ya kuwa hana bidhaa lakini anazo pembe, akaomba aziuze ampe nguo. Livingstone alimshukuru akamwambia angoje kwanza. Watu wawili hawa walikuwa na kitabu kimoja. Mmoja alikifungua akaona maiti. Mwingine alimwona mtu mzima amesimama mbele yake mwenye njaa. Kosa halikuwa la kitabu.

Tena tuangalie jinsi fali ile ilivyofanya kazi. Sherif hakufungua msahafu kwanza ndipo akaitamani mali. Kwa simulizi la Livingstone, mali ilikuwa imekwisha kutumiwa kwa anasa; kilichobaki kilihitaji udhuru. Na mstari mmoja haukutosha kumridhisha liwali. Ilibidi waongezwe mashahidi waliorudi kutoka Manyema. Ndiyo desturi ya mambo haya. Mtu hulileta jibu lake mwenyewe mfukoni, halafu hukifungua kitabu ili kimwazime muhuri.

Livingstone naye alikuwa mtu wa vitabu vichache, na maisha yake katika miaka hiyo yatuonyesha namna nyingine ya kukitumia kitabu kilicho karibu. Aliandika ya kuwa alipokuwa Manyema aliisoma Biblia yote, mwanzo hata mwisho, mara nne. Hakuwa na kingine cha kumshughulisha. Karatasi zake zilipokwisha, alitwaa gazeti la zamani la London liitwalo The Standard, la Novemba 1869, akaandika kwa kulikata mistari ya chapa, kwa wino alioutengeneza kwa mbegu za mti. Juu ya gazeti hilo aliandika habari za mauaji ya sokoni Nyangwe ya tarehe 15 Julai 1871, ambayo aliyaona kwa macho yake, watu mamia wakipigwa risasi au kufa maji. Wino ule ulififia hata kurasa hazikusomeka, mpaka wataalamu walipozipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali na kuzitoa wazi mwaka 2011. Gazeti lile lilikuwa ni karatasi iliyokuwa karibu tu. Habari zake za bei na safari za meli hazikuhusu Nyangwe hata kidogo. Lakini aliyeandika juu yake aliandika alichokiona. Na kwa sababu hiyo, baada ya miaka 140, ushuhuda wake ulikuwa ungali na thamani.

Mwishoni mwa mwaka 1871 Henry Morton Stanley alimkuta Ujiji, na wote wawili wakapanda mtumbwi wakafuata ufuo wa mashariki kwenda kaskazini, wapate kujua kama mto Rusizi hutoka ziwani au huingia. Katika safari hiyo walipita mbele ya milima hii hii iliyo nyuma ya Kagunga. Waliukuta mto ukiingia. Swali hilo lilikuwa limebishaniwa miaka mingi na mabwana wa elimu wenye vitabu vingi, na kila mmoja alikuwa na mstari wa kuutaja. Likaisha siku watu wawili walipokwenda kutazama maji.

Kwa nini basi mambo haya ya kale yatuhusu? Kwa sababu swali la Sherif, kama fulani yu hai au amekufa, halijaondoka katika ufuo huu. Mwaka 1915 na hata 1916 lilikuwa swali la vita vya Wadachi na Wabelgiji juu ya ziwa. Mwezi wa Mei 2015 lilirudi kwa nguvu nyingine: Warundi makumi ya maelfu walishuka milimani wakajaa Kagunga, kijiji kisicho na nafasi ya hata sehemu ndogo yao. Maji safi yalipungua, kipindupindu kikazuka. Meli ya Liemba, ile iliyojengwa Papenburg kwa jina la Graf von Götzen mwaka 1913, ikazamishwa na Wadachi wenyewe mwaka 1916, ikainuliwa na kuanza kazi tena mwaka 1927 kwa jina jipya, iliwachukua watu hao toka Kagunga hata Kigoma, safari baada ya safari, wapate kupelekwa Nyarugusu. Katika msongamano wa namna hiyo mume hupotezana na mke, na mtoto na mama yake.

Mtu aliye katika hali hiyo, akiwa na Biblia au msahafu au hata kitabu cha nyimbo mkononi, atashawishika kukifungua na kuuliza. Nani atamcheka? Sisi hatumcheki. Lakini mchungaji aliye karibu naye ana wajibu. Akimwacha asome mstari wa maombolezo na kuamini ya kuwa mumewe amekufa, huenda mwanamke akakaa eda ya mtu aliye hai, ama jamaa wakagawana vitu vya mtu ambaye kesho atashuka mashuani. Akimwacha asome mstari wa furaha na kuamini ya kuwa mtoto yu salama, huenda asiandikishe jina lake kwa wanaotafuta waliopotea. Chama cha Msalaba Mwekundu kina kazi hiyo ya kuwatafutia watu jamaa zao, kwa majina, kwa barua na kwa simu. Kazi hiyo ni ya polepole, tena haina utamu wa jibu la papo hapo. Walakini ndiyo njia ya kwenda kutazama maji.

Je, tuikataze basi desturi yote? La, hasha. Katika shule nyingi za vijijini vitabu ni vichache, na kusomeana mstari wa kitabu kilicho karibu ni njia njema ya kuwafanya watoto wapende kusoma. Mtoto mmoja husoma mstari wa kitabu cha kilimo, mwingine wa hadithi, mwingine wa hesabu, na darasa lote hucheka kwa jinsi yasivyolingana. Kisha kila mmoja hutamani kujua kitabu cha mwenziwe chasema nini zaidi. Hapo ndipo faida ilipo, katika hilo neno zaidi.

Kwa hiyo twawapa waalimu wenzetu kanuni chache zilizotokana na historia hii. Kwanza, asomaye mstari na ataje kitabu, na aseme ni nani anenaye katika mstari ule. Maana katika Kitabu cha Ayubu rafiki zake nao wanena maneno mazuri mengi, na mwishoni Mungu awakemea. Pili, mstari usomwe pamoja na ulioutangulia na unaoufuata, kama alivyofanya Alypius. Tatu, penye tafsiri mbili zisomwe zote mbili, tusije tukamshinda Defensor kwa kosa la mfasiri. Nne, mstari uliotokea usiamue kamwe mambo ya watu wengine: asihukumiwe mtu kwa huo, isivunjwe ndoa kwa huo, isigawanywe mali kwa huo, wala asitangazwe mtu kuwa amekufa. Mstari waweza kumwamuru mtu nafsi yake mwenyewe atende jambo gumu lililo jema, kama ulivyowaamuru Augustino na Fransisko. Hao walipoteza mali zao kwa maneno waliyoyasoma. Sherif alijipatia mali ya mwingine. Mwalimu asiyeweza kumweleza mwanafunzi tofauti kwa maneno mengi, amwulize swali hili moja: mstari huu ulioupata, wakudai wewe, au wamdai mwenzio?